Nilipanda Uluguru kufuata maji

Mmeuliza wiki hii: mara ya mwisho ulitembea kwa miguu hadi kuchoka ilikuwa lini, na ulikuwa unafuata nini? Mimi ilikuwa mwezi wa tisa mwaka jana, na nilikuwa nafuata maji. Si ya ndoo. Ndoo nimeshabeba za kutosha hapa Tabata. Nilitaka kuona yanakotoka.

Dar es Salaam tunakunywa Mto Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, kule Morogoro. Hilo tulilikariri shuleni. Lakini miaka yote nimefungua bomba, mara litoe maji, mara likohoe hewa tupu, na hiyo Uluguru nimeiona kwenye dirisha la basi tu, pale stendi ya Msamvu, imejifunika ukungu kama mgonjwa wa homa. Nilipostaafu uuguzi nikamwambia binti yangu: twende, kabla magoti hayajakataa.

Tulilipa kiingilio kwenye ofisi ya hifadhi mjini Morogoro, tukapewa kijana wa kutuongoza. Bodaboda ikatupunguzia sehemu ya mwanzo, kisha ikawa miguu. Msitu hauko karibu kama unavyoonekana ukiwa mjini. Kwanza ni mashamba: maharage, kabichi, migomba, hata stroberi, kwenye mteremko mkali hadi unajiuliza mkulima anasimamaje na jembe. Kina mama wa Kiluguru walikuwa wanateremka kwenda sokoni, mikungu ya ndizi kichwani, kandambili miguuni, wanapiga soga. Mimi na viatu vyangu vya bei nilikuwa nashika kila kisiki. "Pole na kupanda, mama," wakanipita.

Morningside, kwenye jumba la zamani la Wajerumani, tulikaa tukala mayai ya kuchemsha. Juu ya hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ghafla baridi. Jua likawa la kuchungulia. Miti imevaa ukungu na imeota ndevu, kila tawi limebeba bustani yake ya mimea midogo, na kuna mingine yenye majani kama manyoya makubwa, mirefu kuliko mtu. Haikuwa inanyesha, lakini kilemba changu kililowa. Kijana akatueleza kwamba ndivyo msitu unavyofanya kazi hata kiangazi: ukungu kutoka upande wa bahari unagonga majani, unakuwa matone, matone yanaanguka kwenye majani yaliyooza, na ardhi inayanywa na kuyaachia kidogo kidogo. Jana yake nilikuwa nimeuona Mto Morogoro pale mjini, umebaki kamba nyembamba katikati ya mawe. Hata hiyo kamba, kumbe, ni deni la huku juu.

Baada ya saa nyingine ya kupanda nikachoka kusubiri. "Mwanangu, hiyo chemchemi iko wapi?"

"Mama, umeikanyaga."

Nikatazama chini. Tope jeusi, mizizi, na maji yanajikamua kati yake bila sauti. Nakiri nilikasirika. Nilikuja kutafuta jicho la maji linalobubujika kama kwenye kalenda, nikaonyeshwa viatu vyangu. Akatupeleka hatua chache mbele, chini ya jiwe, penye kidimbwi cha ukubwa wa beseni, mchanga wake unaonekana punje kwa punje. Akatuomba tusiguse kwa mikono yenye sabuni wala mafuta. Wazee wao, alisema, hawaruhusu hata sufuria lenye masizi, chemchemi huhama. Sikubishana. Nyumbani kwetu Pangani tuliambiwa hivyo hivyo.

Tangu siku ile kuna jambo linanisumbua. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Sawa. Lakini nilipokuwa nimesimama pale nikajiuliza, mita 60 kuanzia wapi? Chanzo hakikuwa lile beseni. Kilikuwa ule mlima wote uliolowa, kila ndevu ya kila mti. Ukikata miti ukaacha beseni, umeacha beseni tu. Halafu nawakumbuka wale kina mama wa mikungu, ambao shamba lao ndilo lililoula msitu wa chini, na sina moyo wa kuwaambia waache kulima. Watakula nini? Anayeoga kwa maji yao yuko Tabata.

Binti yangu aliuliza kama yale maji yanafika kwetu. Kijana akacheka: yanaingia Mto Morogoro, unaungana na Ngerengere, Ngerengere unamwaga Ruvu. Morogoro wanaonja kwanza, sisi tunapata makombo.

Kuteremka ndiko kulikonimaliza. Kupanda ni pumzi, kushuka ni magoti, na siku mbili zilizofuata ngazi za nyumbani nilizishuka kinyumenyume, wajukuu wakicheka.

Nilirudi na chupa moja ya nusu lita ya yale maji. Nikaiweka kwenye friji, nikapiga marufuku asiiguse mtu. Ilikaa wiki tatu. Kisha mgao ukatukamata, bomba kavu, boza halijapita, na siku ya tatu asubuhi nikaimimina kwenye birika. Vikombe viwili vya chai, mimi na binti yangu.