Barua za askari wa 1861–1865: weka pasi chini

SWALI: Mke wangu, mzaliwa wa Ohio, amerithi barua 32 za babu yake mkuu aliyepigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Nyingine zimechanika kwenye mikunjo na wino umegeuka kahawia. Nataka kuzinyoosha kwa pasi ya mvuke kisha nizilamineti. Ni sawa?

JIBU: Hapana, tafadhali usifanye lolote kati ya hayo mawili. Gundi ya lamineti huyeyukia ndani ya karatasi na haitoki tena. Mvuke nao ni hatari kwa sababu ya wino.

Karatasi ya miaka ile kwa kawaida ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ndiyo maana bado ina nguvu kuliko gazeti la miaka 50 iliyopita. Anayeila ni wino, uliopikwa kwa tanini (dawa chungu ya mimea) ya mwaloni na chumvi ya chuma. Una asidi. Shika barua mbele ya dirisha lisilopigwa na jua: ukiona kivuli cha kahawia kuzunguka herufi, maandishi yametokeza upande wa pili, au pana vitundu pale kalamu ilipokandamiza, basi ulaji umeshaanza. Unyevu hubeba chuma na asidi hadi sehemu safi, kivuli kikapanuka. Barua ya namna hiyo ilaze juu ya kadi ngumu, na ukitaka kuihamisha, beba kadi.

Zilizo imara zikunjue zikiwa kavu, kwa vidole safi vilivyokauka. (Glovu za pamba hunasa kwenye kingo na kuchana zaidi.) Iweke kila moja kati ya karatasi mbili za kukaushia wino zisizo na asidi, juu yake ubao na uzito wa kama kilo moja, wiki mbili. Mkunjo ukigoma, uache. Selotepu usiiguse: gundi yake hugeuka njano na kupenya. Mpasuko unaovuta herufi mpelekee mhifadhi wa karatasi. Ataziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na jelatini, kwa maji kidogo mno.

Klipu na pini zitoe taratibu, kwani kutu hutoboa. Kisha barua moja na bahasha yake, folda moja isiyo na asidi wala lignini (kitu cha mti kinachogeuza karatasi njano), na namba kwa penseli kwenye folda. Vipande vya magazeti na picha vikae peke yake. Sanduku liwe chumbani, nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi, unyevu wa hewa asilimia 35 hadi 50. Darini kuna joto, na chini ya nyumba kuna ukungu.

Bahasha usizitupe. Muhuri wa posta hutaja mji, na mara nyingi siku. Kule Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, karatasi ilipoadimika, watu walizigeuza nje-ndani wakazitumia tena, hivyo mulika ndani kwa tochi ndogo bila kubandua mshono; huenda pana anwani ya pili.

Skani mara moja tu, kwa rangi, dpi 600 (nukta kwa kila inchi), faili la TIFF (aina ya picha isiyopoteza ubora), kwenye skana ya kioo, kamwe si ile inayovuta karatasi. Skani pande zote, hata tupu. Ukipata jina na namba ya kikosi, na kama alipigania Kaskazini, upande wa serikali ya Muungano, omba faili lake la pensheni kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani, Washington. Kama yeye au mjane wake aliomba pensheni, humo huwa na viapo vya majirani na tarehe za ndoa za kulinganisha na barua.