Pasipoti imefuliwa pamoja na jinzi, na safari iko karibu

Mkuu, pole sana. Umesema uko Uingereza, pasipoti ya Tanzania imeingia kwenye mashine ya kufulia ndani ya mfuko wa jinzi, kurasa zimevimba, na una safari ya nyumbani baada ya miezi miwili na nusu. Hapo juu wachangiaji wawili watatu wanakushauri uitupe useme imepotea. Mimi yamenikuta ya aina hiyo hapa hapa Uingereza, tofauti ni kwamba yangu haikufuliwa, ililoa mafuta ya nazi. Nianze na huo ushauri wa kutupa maana ndio utakaokuumiza.

Ukishatangaza kwamba pasipoti imepotea, namba yake inafungwa, na nchi nyingi hupeleka namba hizo kwenye kanzidata ya Interpol ya hati zilizoibwa na kupotea, ambayo ipo tangu 2002. Kuirudisha hai baada ya hapo usitegemee. Sasa fikiria umeshatangaza, halafu unapigiwa simu ya msiba nyumbani, mpya haijatoka, unaichomoa ile ile kwenye droo unaenda nayo uwanjani kujaribu bahati. Kwenye kompyuta inasoma hati iliyopotea au kuibwa, na iko mkononi mwako. Isitoshe, iliyopotea inadai taarifa ya polisi, yaani uende ukamdanganye polisi wa nchi ya watu kwa maandishi. Ya nini yote hayo? Iliyoharibika unaibeba mwenyewe ubalozini, wanaiona kwa macho. Kitabu hicho hata kikiwa kimevimba kama andazi ndicho ushahidi wako mkubwa kwamba wewe ni wewe.

Yangu ilikuwa hivi. Mama alinipa chupa ya mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe, nikaja nayo, nikailaza kabatini juu ya bahasha ya nyaraka. Kwa baridi ya huku mafuta ya nazi huganda kama samli, yanataka kama nyuzi 24 ndipo yayeyuke, kwa hiyo nilishasahau kabisa kwamba kile kitu ni cha majimaji. Ikaja ile Julai ya 2022, mnaikumbuka, tarehe 19 joto lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii. Nimetoka kazini nakuta bahasha inang'aa. Ukurasa wa picha ni plastiki ngumu, nikaufuta ukarudi kama mpya. Kurasa za viza ndizo zilikuwa kama karatasi ya kufungia vitumbua, unaona mhuri wa ukurasa wa pili yake.

Nikajiambia picha inaonekana, namba zinasomeka, tatizo liko wapi. Mwezi uliofuata tuna arobaini ya baba mdogo, nikafika Heathrow na mabegi yangu mawili. Binti wa kaunta akafungua, akafunua kurasa, akanusa (kweli alinusa), akamwita mkubwa wake. Dakika kumi baadaye nimeambiwa sipandi. Nilibishana sana, nikasema naenda kwetu, nani atanikatalia kwetu? Haikusaidia. Arobaini niliiangalia kwa simu.

Nilichoelewa baadaye ni kwamba anayeamua kuhusu pasipoti mbovu mara nyingi si afisa uhamiaji, ni mtu wa kaunta. Pengine afisa wa Dar angenicheka akanipitisha, lakini huwezi kumfikia. Shirika la ndege likibeba mtu akakataliwa huko aendako, linalazimika kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Uingereza hulitoza shirika hadi pauni 2,000 kwa kila abiria anayeletwa bila hati sahihi. Ukiwa ndiye unayesimama pale kaunta, utamwonea huruma mtu usiyemjua? Na sisi safari zetu nyingi za Dar zinaunganisha ndege njiani, kwa hiyo hata ukipita kaunta ya kwanza, kuna ya pili.

Yako ina ubaya mmoja ambao yangu haikuwa nao, nao ni sabuni. Karatasi ya pasipoti hutengenezwa makusudi isiwake chini ya taa ya urujuanimno, ile ya zambarau kama wanayokagulia noti dukani. Zinazowaka ni alama za siri tu. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, na kemikali hizo zikinasa kwenye karatasi, ukurasa mzima unawaka kama karatasi ya kawaida ya ofisini. Kwa anayekagua, hiyo ni dalili ya kughushi. Kwa hiyo hata ikikauka vizuri ukaona iko sawa kwa macho, usiiamini kwa safari.

Kwa sasa iache tu ikauke. Weka karatasi nyeupe kavu katikati ya kurasa, badilisha kila baada ya saa chache, kisha lalisha chini ya kitabu kizito. Usipige pasi, usitumie mashine ya kukaushia nywele, usiweke gundi wala seloteipu, na kama kuna ukurasa umechanika usiuguse. Kitabu kilichoharibika kwa ajali kinaelezeka. Kilichokarabatiwa na mwenyewe nyumbani kinaonekana kimechezewa, na kuchezea pasipoti ni kosa la jinai. Mimi nilifukia yangu kwenye mchele siku mbili kama simu iliyoanguka chooni. Mafuta hayakutoka hata tone, na mchele wenyewe ulikuwa basmati.

Kuhusu chipu ya ndani ya pasipoti uliyoulizia: simu yenye NFC (ile ya kugusisha, kama ya kulipia dukani) na programu ya kusoma pasipoti inaweza kukuonyesha kama bado iko hai. Lakini usijisumbue sana nayo. Chipu ikifa, kwa utaratibu wa kimataifa kitabu bado ni hati, unapelekwa tu kwenye dirisha la mtu badala ya geti la mashine. Tatizo lako ni karatasi.

Sasa ubalozini. Piga simu kesho, usingoje ikauke. Fomu unaijaza kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, unachapa, unapeleka na viambatisho. Ada ya nje isiangaliwe kwa ile shilingi 150,000 ya nyumbani, wao watakwambia ya kwako. Mimi nilibeba cheti cha kuzaliwa, cha mzazi, namba ya NIDA, pasipoti yenyewe ndani ya mfuko wa plastiki, na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza lini, wapi na vipi. Barua iwe fupi na ya kweli. Niliulizwa maswali mawili tu kuhusu mafuta, afisa akacheka, tukaendelea. Kilichonirudisha ni picha: picha za vibanda vya huku zina nyuma ya kijivu au rangi ya maziwa kwa ajili ya pasipoti za Waingereza, nami sikusoma fomu yetu inataka rangi gani. Soma kwanza ndipo ukapige. Mpya yangu ilitoka baada ya wiki saba, ndiyo maana nasema anza kesho. Miezi miwili na nusu siyo mingi.

Omba urudishiwe ya zamani baada ya kufutwa. Wanaikata kona au kuitoboa, ukaihifadhi. Hasa kama una mhuri wa zamani wa ukaazi wa kudumu, usiuache ukapotea, huo ni ushahidi wako.

Na kuna hatua ambayo watu wanaisahau. Wakati wangu nilikuwa na kadi ya ukaazi mfukoni, lakini kadi zile ziliisha muda 31 Desemba 2024, sasa ruhusa yako ni viza ya kielektroniki iliyounganishwa na namba ya pasipoti. Ukipata kitabu kipya, ingia kwenye akaunti yako ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza) ubadilishe namba kabla ya kukata tiketi. Usipofanya hivyo, utaondoka vizuri, utakula ubwabwa wa mama, halafu siku ya kurudi kaunta ya Dar inaingiza namba mpya na mfumo haukujui.

Hati ya dharura ya kusafiria uliyotajiwa hapo juu ipo, ila itakufikisha nyumbani tu. Kurudi huku unahitaji pasipoti, kwa hiyo utaanza maombi yale yale ukiwa Dar huku kazi inakusubiri. Ningeichukua kwa msiba wa mzazi. Kwa likizo ningesogeza tiketi, na hiyo tiketi angalia leo kama inakubali kubadilishwa tarehe, maana yangu haikukubali.