Binti yangu akienda shule, nitakuwa nimemwasi Mungu?

SWALI: Mhariri, mimi ni Mkenya ninayeishi Houston, jimbo la Texas, Marekani, na kwa sababu ya imani yangu ya Kikristo ninawasomesha watoto wangu nyumbani. Mume wangu, ambaye naye ameokoka, anataka kifungua mimba wetu aingie sekondari ya serikali. Nikikubali, nitakuwa nimekiuka Kumbukumbu la Torati 6:7?

JIBU: Dada yetu, aya hiyo inawaagiza wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu waketipo nyumbani na watembeapo njiani, lakini haisemi lolote kuhusu nani atawafundisha hesabu. Msimamo wako tunauheshimu, ila usiugeuze kuwa amri juu ya mumeo, ambaye kwa maelezo yako mwenyewe husali na watoto kila usiku. Kisheria mko huru kuchagua, kwani Mahakama ya Juu ya Texas iliamua mwaka 1994, katika kesi ya Leeper, kwamba masomo ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule ya binafsi, mradi kuwe na mtaala wa kweli unaofundisha kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema.

Ukurasa wa aljebra uliotutumia, uliofutwafutwa hadi karatasi ikatoboka, unatufanya tuamini kwamba binti anahitaji mwalimu wa hesabu kuliko mjadala wa imani. Muulizeni yeye mwenyewe, mkiwa wote wawili. Akianza na mambo yasiende vizuri, mnaweza kumwondoa kwa kuuandikia uongozi wa shule barua.