Shahada Inayochanganya Fani Nyingi

SWALI: Binti yangu anasoma Marekani shahada inayochanganya historia, falsafa na biolojia. Tasnifu yake kuhusu malaria katika mashamba ya mkonge imepata tuzo, lakini jamaa wanaendelea kuniuliza atakuwa nani. Niwajibu nini? (Mama msomaji, Tanga)

JIBU: Hongera sana, mama yetu, kwa binti huyo. Wasimulie habari za mwanaanga Mmarekani Mae Jemison, aliyeingia Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na umri wa miaka 16 na kuhitimu uhandisi wa kemikali mwaka 1977, huku akiwa ametimiza pia masharti ya shahada ya masomo ya Afrika na Wamarekani Weusi. Kisha akasomea udaktari, akahudumu Liberia na Sierra Leone, na Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Tunafurahi kuongeza kwamba alijifunza Kiswahili.

Tuzo ya binti yako ina uzito wa pekee kwa sababu mbu, mkataba wa manamba (vibarua wa mashamba ya mkonge) na kumbukumbu za wazee havisomwi kwa fani moja. Akija likizo, mwombe awasomee jamaa ukurasa mmoja wa tasnifu hiyo, kwa Kiswahili, kisha wamuulize maswali yeye mwenyewe.