Wasomaji Wanauliza: Mbio za Klabu na Mtu wa Mwisho

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa klabu ndogo za mbio, zile zenye mazoezi ya pamoja kila wiki na mashindano yao wenyewe mara chache kwa mwaka. Tulipozisoma kwa mfululizo tuliona kwamba maswali yake, hata yale ya maji na ya vipimo, mengi yanamhusu mtu mmoja: anayekuja nyuma ya wote.

SWALI: Kundi letu lina watu kama 30. Tunaanza pamoja, lakini kufikia kilomita ya 2 wenye kasi wameshapotea mbele na wageni wamebaki peke yao. Wiki inayofuata hatuwaoni tena. Tumejaribu kusubiriana kwenye njia panda, malalamiko ni yale yale. Tufanyeje?

JIBU: Huko kusubiriana ndiko kunakowaumiza. Tazameni vizuri kinachotokea hapo njia panda. Wenye kasi wanafika, wanapumua, wanapiga soga dakika 3. Mgeni anafika akihema, na papo hapo mtu anapiga makofi: "Haya, twende!" Aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika, na mambo yanajirudia hivyo hivyo kila kituo. Wekeni kanuni: dakika 1 kamili ihesabiwe tangu mtu wa mwisho alipofika, kisha yeye ndiye aseme twende. Asiyetaka kusimama akisubiri arudi taratibu mpaka akutane na wa mwisho, ageuke naye. Atapata kilomita zake za ziada na mgeni atapata mwenzake.

Njia tunayoipenda zaidi ni ya kwenda na kurudi kwa saa. Wote mnaondoka pamoja kwenye njia moja, na ikifika dakika ya 25 kila mmoja anageuka hapo alipo. Anayekimbia dakika 5 kwa kilomita atakuwa kilomita 5, wa dakika 7:30 atakuwa kilomita 3.3, lakini wote wana dakika 25 za kurudi, kwa hiyo wanafika karibu pamoja. Sharti lake ni moja: mtu asiende mbio kuliko atakavyoweza kurudi. Mgeni anayewafukuzia wenye kasi dakika 10 za kwanza ndiye atakayerudi akitembea, basi mwambieni hivyo kabla hamjaondoka.

Mkigawanyika makundi, tangazeni mwendo kwa namba. "Mwendo wa kawaida" ni neno ambalo kila mtu hulipima kwa miguu yake. Semeni: kundi la kwanza dakika 5:00 hadi 5:30 kwa kilomita, la pili 6:00 hadi 6:30, la tatu 7:00 hadi 8:00 na kutembea kidogo ndani yake. Kiongozi wa kundi achaguliwe kwa uwezo wa kujizuia, si kwa kasi yake. Kama mtu wa nyuma hawezi kutamka sentensi ya maneno kumi bila kukatisha kuvuta pumzi, kundi linakwenda mbio kupita lilivyotangaza, hata saa ya kiongozi ikisema vingine.

Tena kila kundi liwe na mfunga msafara: mtu anayeijua njia, mwenye simu, ambaye hampiti mtu yeyote hata mara moja. Katika parkrun, mbio za kilomita 5 za kila wiki zilizoanzia Bushy Park jijini London mwaka 2004 zikiwa na wakimbiaji 13, kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kumaliza nyuma ya wote, hivyo hakuna mgeni anayeshika mkia. Igeni hilo. Na hesabuni watu mkiondoka, mkisimama na mkirudi.

SWALI: Tulikimbia kilomita 10 za klabu, na saa za GPS za watu wengi zikasoma 10.12 hadi 10.20. Je, njia ilipimwa vibaya?

JIBU: Kwa tofauti hiyo, hapana, na kama saa zenu zingesoma 10.00 kamili tungeshuku kwamba njia ni fupi. Njia ya mashindano hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita kihalali, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona. Hakuna anayekimbia hivyo kwenye umati. Ukizunguka duara zima ukiwa mita 1 nje ya mstari huo umeongeza mita 6.28, na kila kona ni kipande cha duara. Saa nayo hukadiria ulipo kila baada ya muda mfupi, na makosa yake madogo ya kushoto na kulia huunganishwa kuwa njia ya kupindapinda, yenye urefu usiokuwepo. Chini ya miti au kando ya majengo marefu hali huwa mbaya zaidi.

Njia inayoaminika hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabu mizunguko kwenye gurudumu la mbele. Kwanza unapima kipande kilichonyooka, tuseme mita 300 au zaidi, kwa futi ya chuma. Unakipita kwa baiskeli mara 4, unapima njia yote, kisha unarudi kukipita mara 4 tena. Kurudi kuna sababu: jua likipanda, hewa ndani ya tairi hutanuka, gurudumu linakuwa kubwa kidogo na hesabu ya kila kilomita inapungua. Mwisho huongezwa mita 1 kwa kila kilomita, ili kosa lolote dogo lisiifanye njia kuwa fupi. Kwa hiyo njia halali ya kilomita 10 huchorwa mita 10,010. Hiyo ni sehemu ya ziada mliyoiona kwenye saa.

SWALI: Wanaoshinda mbio zetu ni wale wale watatu kila mara. Tumesikia kuna mbio ambazo wa polepole huondoka kwanza. Zinaendeshwaje?

JIBU: Ni mbio nzuri kuliko zote ambazo klabu ndogo inaweza kuandaa, na hazihitaji kifaa zaidi ya saa moja na karatasi. Chukueni muda wa kila mtu wa kilomita 5. Tuseme wa kwanza hukimbia dakika 34, wa pili 27, wa tatu 20. Wa dakika 34 anaondoka saa ikisoma 0:00, wa 27 anaondoka 7:00, wa 20 anaondoka 14:00. Kila mmoja akikimbia muda wake, wote wanafika dakika ya 34, na wa kwanza kuvuka ndiye mshindi. Maana yake ni kwamba anashinda aliyejipita mwenyewe, awe mzee wa miaka 60 au kijana wa mbio.

Kadirieni muda wa kuondoka hadi nusu dakika iliyo karibu, ili mwita majina asibabaike. Orodha iwe kwa mpangilio wa kuondoka, si wa alfabeti, na saa isisimamishwe kwa ajili ya yeyote: aliyechelewa ataondoka amechelewa.

Kinachoziharibu mbio hizi ni watu kuficha mwendo. Mtu anaandika dakika 30, anafika kama aliyerushwa kwa manati na muda wake halisi ni 25. Basi msipokee muda wa kutajwa kwa mdomo. Tumieni matokeo yaliyoandikwa ya miezi 3 iliyopita, na chukueni lililo bora, si la wastani. Mgeni asiye na matokeo akimbie siku hiyo bila kuhesabiwa kwenye ushindi, ila muda wake uandikwe. Na mshindi, mara ijayo, aanze na muda wake mpya ukiwa umekatwa sekunde 30.

Jambo la mwisho hapa: chagueni njia ambayo mita 800 za mwisho ni pana. Hapo ndipo watu wote wanapokutana, wenye kasi wakipita katikati ya waliochoka, na kijia chembamba kitaleta kugongana viwiko.

SWALI: Saa yangu inasema 52:10, matokeo yanasema 52:48. Nimeibiwa sekunde 38?

JIBU: Hujaibiwa. Hizo ni sekunde ulizotumia kutoka uliposimama hadi mstari wa kuanzia. Kwa kanuni za riadha, nafasi hupangwa kwa muda tangu mlio wa kuanzia, na muda wa chipu, kile kifaa kidogo anachovaa mkimbiaji, unaohesabiwa tangu uvuke mkeka wa kukisoma ulio kwenye mstari wa kuanzia, ni wa kumbukumbu yako.

SWALI: Hatuna fedha za kukodi chipu. Tunatumia saa na daftari, na kila mara majina na muda havilingani. Juzi tulikuwa na muda 87 na watu 86. Tatizo liko wapi?

JIBU: Kuna mtu alibonyeza mara mbili, na kuanzia hapo kila jina lililofuata likapewa muda wa mwenzake. Kosa lenyewe ni dogo, shida ni kwamba hamjui lilitokea mstari wa ngapi.

Wekeni watu wanne. Wa kwanza anatazama mstari tu na kubonyeza saa kila kifua kinapovuka. Ni kifua kinachohesabika, si kichwa, mkono wala mguu. Asiongee na mtu, asishangilie. Wa pili anasimama mwisho wa njia ya kamba inayowekwa baada ya mstari wa kumalizia, akiandika namba za kifuani kwa mpangilio. Wa tatu anatembea ndani ya njia hiyo akihakikisha hakuna anayempita mwenzake baada ya kuvuka. Upana wake uwe wa mtu mmoja, urefu mita 15 au 20. Wa nne ndiye atakayewaokoa. Ana saa yake, iliyoanzishwa pamoja na ile ya kwanza, na kila baada ya kama watu kumi anaandika namba na muda kwa pamoja: "214, 51:37."

Mkiunganisha orodha mnatafuta alama hizo. Kama mstari wa 30 unalingana na wa 40 haulingani, kosa liko katikati ya 30 na 40, na mara nyingi mtaliona kwa macho: muda miwili iliyoachana kwa sehemu ndogo ya sekunde, mahali ambapo hakuna anayekumbuka watu waliofika bega kwa bega. Ufuteni mmoja, orodha nzima inakaa sawa. Simu iliyowekwa kwenye kiegemeo ubavuni mwa mstari, ikirekodi video mwanzo hadi mwisho, humaliza ubishi unaobaki.

SWALI: Tuandae maji kiasi gani kwa watu 120, kilomita 10?

JIBU: Wekeni meza mbili, kilomita 3.5 na kilomita 7. Kila meza ihesabiwe kikombe kimoja na nusu kwa mtu, kwa kuwa kuna wanaojimwagia kichwani: vikombe 180. Mkitia mililita 150 kila kikombe ni lita 27 kwa meza, lita 54 kwa mbili. Mwisho wa mbio hesabuni nusu lita kwa kila mtu, lita 60. Jumla lita 114, andaeni 125.

Msijaze vikombe, vitamwagika mikononi. Pipa la taka likae mita 50 hadi 100 mbele ya meza, maana mtu hunywa akitembea na hutupa pale anapomaliza. Na kabla mkimbiaji wa kwanza hajafika, tengeni vikombe 30 chini ya meza kwa ajili ya 20 wa mwisho. Mara nyingi maji huisha kwao, nao ndio waliokaa juani muda mrefu kuliko wote.

Lakini msiwalazimishe kunywa. Kunywa kupita kiu hupunguza ukolezi wa chumvi kwenye damu na kunaweza kuua, na aliye hatarini zaidi ni huyo huyo wa polepole, mwenye muda wa kusimama kila meza. Anywe kwa kiu yake.

SWALI: Mtu akianguka, tutajuaje kama ni uchovu tu?

JIBU: Angalieni kwanza alipoangukia. Aliyevuka mstari akasimama ghafla, kisha akalegea, mara nyingi ni damu iliyobaki miguuni baada ya misuli kuacha kuisukuma. Mlazeni, inueni miguu yake, ataanza kuzungumza vizuri baada ya dakika chache. Ndiyo maana tunawahimiza waliomaliza waendelee kutembea. Asipopata nafuu upesi, mtazameni kama mgonjwa wa joto.

Anayeanguka kabla ya mstari ni wa kuhofiwa zaidi. Akiwa anayumba, anajibu visivyo, hajui alipo au anakuwa mkali bila sababu, chukulieni kwamba joto la mwili limepita kiasi. Msisubiri ngozi ikauke: mkimbiaji wa namna hii anaweza kuwa amelowa jasho. Mmoja apige simu ya dharura, wengine waanze kumpoza hapo hapo. Mtumbukizeni kwenye beseni kubwa la maji baridi hadi shingoni, mmoja akimshika kwapani kichwa kisizame. Kama hakuna beseni, mwagieni maji baridi mwili mzima, funikeni taulo zilizolowa maji ya barafu, zibadilisheni kila zinapopata joto, na mpepeeni. Mpozeni kwanza, gari la wagonjwa likija liwakute kazini. Aliyechanganyikiwa asipewe kitu cha kunywa.

SWALI: Naweza kumpa rafiki namba yangu ya kifuani nikiumwa?

JIBU: Usimpe bila kuwaambia waandaaji. Akianguka, jina, umri na simu ya ndugu watakavyovipata ni vya kwako. Na nyuma ya namba yoyote unayovaa, andika kwa kalamu jina la mtu wa kupigiwa na dawa unazotumia.

SWALI: Tufunge mstari wa kumalizia saa ngapi? Wajitoleaji wanachoka.

JIBU: Tangazeni muda wa mwisho siku ya kuandikisha, si siku ya mbio. Kilomita 10 kwa kutembea haraka, dakika 10 kwa kilomita, ni dakika 100, wekeni 110. Wajitoleaji wa mwanzo wapumzishwe kwa zamu kuanzia dakika ya 70, ili saa na daftari visikose mtu ambaye hajachoka. Kamba, saa, maji na watu wawili wa kupiga makofi vibaki mahali pake mpaka mfunga msafara avuke, na utepe ukunjwe baada yake.