Chumba cha kuchezea watoto: rangi baadaye, usalama kwanza

Dada, umeuliza uanze na rangi gani maana watoto mmoja ana miaka 2 mwingine 5. Mi naona rangi iache kwanza, kaa chini sakafuni uangalie chumba kwa kimo chao, utaona soketi, nyaya, kona kali. Kabati lifunge ukutani kwa skrubu, hilo usiliahirishe kabisa, huyo mdogo atavuta droo azifanye ngazi na lote limwangukie. Vidude vya mkubwa vinavyopenya kwenye ile karatasi ngumu ya katikati ya tishu ya chooni vinaweza kumkaba mdogo, weka juu. Vingine rafu fupi, nusu ficha uwe unabadilisha, wataviona vipya. Rangi chukua ambayo uchafu wake unafutika kwa kitambaa chenye maji tu.