Omu Ngapi, Volti Ngapi? Majibu kwa Wapenzi wa Hedifoni

Barua nyingi tulizopokea safari hii zina kilio kimoja: hedifoni za gharama zimenunuliwa, amplifaya nayo ipo, ila vyombo haviivi chungu kimoja. Tumechagua maswali sita.

SWALI: Nimenunua hedifoni za omu 300. Nikizichomeka kwenye simu kwa adapta, nafikisha sauti mwisho na bado naona ni nyembamba, hasa kwenye muziki wa okestra. Rafiki yangu ana za omu 50 na anasisitiza kwamba zake ni ngumu zaidi kuendesha. Anatania? Na mimi ninunue amplifaya ya wati ngapi?

JIBU: Hatanii, anaweza kuwa sahihi kabisa. Omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, hazikuambii kama hedifoni ni nzito kuendesha. Zinakuambia zinataka umeme wa namna gani: zenye omu nyingi hudai volti, zenye omu chache hudai mkondo. Uzito wenyewe unasomwa kwenye usikivu, yaani desibeli ngapi zinatoka kwa volti 1 au kwa miliwati 1. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu dB/V na dB/mW ni vipimo viwili tofauti na kila kiwanda huandika anachokipenda. Sennheiser HD 650, ambazo ni za omu 300, huandikiwa desibeli 103 kwa volti 1. Zikipimwa kwa miliwati 1, hizo hizo hutoa kama 98. Ukilinganisha karatasi mbili bila kutazama kipimo, unalinganisha kilo na lita.

Sasa tupige hesabu. Tuseme tunataka vilele vya muziki vifike desibeli 110. Tunasema vilele, yaani ule mpigo mmoja wa ngoma kubwa. Wastani wa kusikiliza uwe chini zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango cha usalama. HD 650 zimepungukiwa na desibeli 7 tu kutoka 103, na kwa kuwa kila desibeli 6 ni volti mara mbili, zinahitaji takriban volti 2.2. Gawanya kwa omu 300: ni miliampea 7.5. Nguvu yake haifiki miliwati 17.

Sasa chukua HiFiMan HE-6: omu 50, desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Hapa pengo ni desibeli 26.5, na kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Jibu ni kama miliwati 450, yaani volti 4.7 na miliampea 95. Omu ni kidogo mara sita, nguvu inayotakiwa ni zaidi ya mara 25. Rafiki yako mpe haki yake.

Kwa upande wako, adapta ndogo ya simu kwa kawaida hutoa karibu volti 1 au chini ya hapo. Nyimbo za kisasa zinarekodiwa kwa sauti kubwa, kwa hiyo zitakutosha. Okestra hurekodiwa chini ili vilele vipate nafasi, na ndiyo maana unafika mwisho wa sauti. Wembamba unaousikia si uchovu wa hedifoni. Sikio la binadamu, sauti ikiwa ndogo, hupoteza besi kwanza. Amplifaya haitatia besi isiyokuwemo, ila ikikufikisha kwenye sauti unayoitaka, utaisikia.

Tafuta inayotoa angalau volti 3 kwenye omu 300, sawa na miliwati 30. Usitishwe na tangazo la “wati 1” kwenye boksi, kwa sababu mara nyingi limepimwa kwa omu 32. Zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili: 1 mara 32, kipeuo chake ni volti 5.7. Volti hizo hizo kwenye omu 300 ni kama miliwati 107. Inakutosha na chenji inabaki. Kinyume chake usikitegemee: amplifaya ya vali (zile taa za kioo za kizamani badala ya transista) inayotoa miliwati 100 kwa omu 300 ina volti za kutosha, lakini ukiipa hedifoni za rafiki yako itaishiwa mkondo, na utasikia besi ikichakaa kabla sauti haijapanda.

SWALI: Visikilizi vyangu vya ndani ya sikio vina spika nne kila upande. Kwenye simu viko safi. Kwenye amplifaya kubwa ya mezani vinavuma “shhh” hata muziki ukizimwa, na sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Amplifaya ni mbovu?

JIBU: Si mbovu, umeipa kazi isiyo yake. Na una matatizo mawili, si moja.

La kwanza ni huo mvumo. Visikilizi vya omu 16 vyenye desibeli 110 kwa miliwati 1 hufikia hapo kwa volti 0.126 tu; kwa volti 1 nzima vingetoa 128. Amplifaya yenye kelele ya mikrovolti 10, ambayo kwenye hedifoni kubwa huisikii kamwe, hapa inatoa desibeli 28 masikioni mwako. Chumba kikiwa kimya utaisikia. Ikishuka hadi mikrovolti 2, inabaki kama desibeli 14, na hapo karibu kila mtu ataona ni kimya.

La pili ni ukinzani wa mlango wa amplifaya, yaani omu ambazo umeme unazivuka kabla haujatoka nje. Visikilizi vya spika nyingi havina omu moja. Vinaweza kuwa na omu 40 kwenye sauti za katikati na omu 5 kwenye sauti za juu. Mlango ukiwa na omu 10, pale penye omu 5 unapoteza desibeli 9.5, na pale penye 40 unapoteza 1.9 tu. Sauti za juu zimezama kwa desibeli 7.6 dhidi ya nyingine: hilo ndilo blanketi lako. Mlango ukiwa na omu 1, tofauti inabaki kama desibeli 1.4. Kanuni ya mafundi ni kwamba omu za mlango zisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Kwa spika nyingi kama zako, tafuta chini ya omu 1.

Jihadhari na dawa moja inayouzwa sana, ile adapta yenye rezista ya omu 75 iliyopangwa mfululizo. Mvumo utapungua kweli, lakini umeongeza omu 75 kwenye lile lile lililokuletea blanketi. Kinachofaa ni kipunguza sauti chenye rezista mbili, moja mfululizo na nyingine ndogo sambamba na visikilizi. Anza lakini na swichi ya geini, yaani kiasi ambacho amplifaya inakuza sauti. Wengi wameiacha kwenye “juu” tangu siku ya kufungua boksi. Geini ya chini itatibu pia ule ugonjwa wa upande mmoja kuwa mkubwa kuliko mwingine nobu ikiwa karibu na sifuri. Nobu za kawaida hazilingani vizuri kwenye robo ya kwanza ya mzunguko. Punguza sauti kwenye kompyuta kwa desibeli 10 au 15, kisha uifungue nobu zaidi.

Kwa faida ya wengine: hedifoni za planari, zile zenye kiwambo bapa katikati ya sumaku, zina omu zilezile karibu kwenye sauti zote, kwa hiyo mlango haubadilishi ladha yake. HD 600 na HD 650 omu zake hupanda hadi karibu 500 kwenye besi. Ukiziweka kwenye amplifaya ya vali yenye omu 120 mlangoni, besi hupanda kama desibeli 1. Hilo ndilo “joto la vali” ambalo watu hulisifia, na kwa hedifoni hizi sisi pia tunalipenda. Kwa visikilizi vyako lingekuwa balaa.

SWALI: Amplifaya yangu ina tundu la 4.4 mm la balansi. Hedifoni zangu zina plagi ya 3.5 mm. Naona adapta zinauzwa. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Plagi yako ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ni kulia, na shina ni njia ya kurudi ya pande zote mbili. Kwenye balansi kila upande una njia yake ya kurudi, na njia hizo si ardhi. Zina umeme wa amplifaya wenyewe, uliogeuzwa. Adapta hiyo inaziunganisha pamoja, na hapo umepiga shoti kati ya amplifaya mbili. Yenye kinga itajizima. Isiyo na kinga itaungua.

Upande wa pili hakuna hatari: hedifoni zenye waya wa balansi unaweza kuzichomeka kwenye tundu la kawaida kwa adapta sahihi, kwa sababu pale njia zote mbili zinarudi kwenye ardhi moja. Kama hedifoni zako zina waya unaochomoka na unaoingia kila kikombe kivyake, nunua waya mpya wa balansi, yameisha. Kama waya unaingia upande mmoja tu, mara nyingi njia ya kurudi imeunganishwa humo ndani na itabidi fundi afungue.

Faida yake ni volti mara mbili kutoka kwenye saketi ileile. Kwa HE-6 ni jambo kubwa. Kwa hedifoni nyepesi hutasikia chochote, na kumbuka omu za mlango nazo huongezeka mara mbili.

SWALI: Niongeze fedha kwenye DAC (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti) au kwenye hedifoni?

JIBU: Hedifoni. Kati ya DAC mbili zilizotengenezwa vizuri tofauti ni ndogo mno. Kati ya hedifoni mbili inafika desibeli nyingi kwenye sehemu nzima za muziki. Anayebisha ajaribu hivi: acheze mlio wa hezi 100, apime volti za AC kwa multimita kwenye kila DAC, alinganishe hadi tofauti isizidi asilimia 1, kisha mtu mwingine ambadilishie bila yeye kuona. Bila kulinganisha, yenye sauti kubwa kidogo hushinda kila mara, hata kama ni mbovu.

SWALI: Hedifoni zangu za wazi ni nzuri kwa kila kitu isipokuwa herufi “s” za waimbaji, zinachoma. Nizibadilishe waya?

JIBU: Waya hautafika huko. Hedifoni nyingi za daraja la juu zina kilele mahali fulani kati ya kilohezi 5 na 10. Sennheiser HD 800 za mwaka 2009 zilijulikana kwa kilele cha karibu na kilohezi 6. HD 800 S zilipotoka mwaka 2016 zilikuwa zimewekewa kifyonzaji cha kukipunguza. Chako unaweza kukishusha mwenyewe kwa ikwalaiza ya parametriki, yaani ile unayoichagulia mwenyewe sehemu ya sauti ya kushusha au kuinua.

Cheza mlio unaopanda polepole kutoka kilohezi 4 hadi 10, kwa sauti ya chini. Andika namba pale mlio unapochoma. Kisha sogeza vikombe sentimita moja mbele na urudie. Mchomo ukihama, unatokana na umbo la sikio lako na mkao wa vikombe, na dawa yake ni mkao. Ukibaki palepale, ni wa hedifoni. Weka kichujio cha kilele hapo, desibeli 4 chini, Q (wembamba wa kichujio) kati ya 2 na 3. Usikiuke desibeli 6 kwa mara ya kwanza. Ukizidisha, waimbaji wataanza kusikika kama wako chumba cha pili.

Ukitaka na besi, inua kuanzia hezi 105 kwenda chini kwa desibeli 4, na kabla ya yote shusha sauti ya jumla ndani ya programu kwa desibeli 4 hizo hizo. Asiyefanya hivyo hupata mkwaruzo kwenye kila mpigo, kisha hulaumu amplifaya. Planari hubeba nyongeza hii bila shida. Hedifoni za koili zilizo wazi huanza kuchoka chini ya hezi 40.

SWALI: Hedifoni zangu zina miaka minne. Siku hizi upande wa kushoto una mkwaruzo kwenye besi, na sauti kwa jumla imekuwa kali. Ndiyo zimekufa?

JIBU: Huenda bado. Ukali kwanza: bonyeza mito ya masikio kwa kidole. Ikiwa imelala na hairudi, spika zimesogea karibu na sikio na uzito wa sauti umebadilika. Badilisha mito, ya aina ileile iliyokuja nazo. Ya ngozi mahali pa kitambaa itakupa hedifoni nyingine kabisa. Usisahau kurudisha ile sponji nyembamba inayokaa juu ya spika. Wengi huitupa pamoja na mito ya zamani.

Mkwaruzo wa upande mmoja mara nyingi ni unywele. Vua mto, inua sponji, mulika kwa tochi ukiwa umeinamisha kikombe. Unywele mmoja unaogusa kiwambo unatosha kuleta kelele hiyo. Uchukue kwa kibano chembamba, ukishika ncha iliyo mbali na kiwambo. Usipulize kwa hewa ya kopo na usilete mashine ya kufyonza vumbi, kiwambo hakivumilii. Kisha cheza mlio wa kutoka hezi 20 hadi 200 kwa sauti ndogo, kwanza kushoto, halafu kulia. Kama waya unachomoka kwenye vikombe, badilisha pia wa kushoto na wa kulia; mkwaruzo ukihamia kulia, kosa liko kwenye amplifaya au waya. Ukibaki kushoto na hakuna unywele, koili au kiwambo kimepinda, na hapo ni kubadilisha spika. Agiza jozi nzima, kwa sababu viwandani hupimwa na kupangwa mbili mbili, na spika mpya moja kando ya ya zamani itavuta sauti ya mwimbaji upande mmoja.